Fundi Anayekula Kwenye Spea Hawezi Kukuambia Gari Yako Ni Nzima

(Haya niliyaongea hapa Masasi kwenye kikao cha kikundi chetu cha kuweka na kukopa, sisi wenye Noah, bajaji na boda, pamoja na mafundi waliokubali kuja. Walioshindwa kufika waliomba niandike, basi nimeandika kama nilivyosema.)

Assalamu alaikum, Bwana Yesu asifiwe. Wakubwa zangu shikamooni, wanangu marahaba. Mafundi mliokuja nawashukuru kipekee maana najua kuna wenzenu waliwaambia msije, wakasema mama anaenda kuwatukana mbele za watu. Siwatukani. Nitasema yaliyonikuta, halafu nitasema mimi naona tatizo liko wapi, na mwenye kunisahihisha anisahihishe hapahapa, nimefundisha darasani miaka 31 sijawahi kumchukia mtoto aliyenyoosha mkono.

Wengi mnaijua Noah yangu ile ya Masasi Mtwara. Niliinunua kwa kiinua mgongo, pesa ambayo haiji mara mbili. Miezi ya mwanzo hesabu inakuja kila siku, natulia, najua sasa uzee wangu una pa kuegemea. Siku moja wanarudi kutoka Mtwara, wameshaipita Mnazi Mmoja wanakaribia Mtama, mshale wa joto ukapanda, gari ikachemsha, abiria wakashuka wakakaa chini ya mkorosho, dereva ananipigia bosi gari imekufa huku. Wakamwagia maji wakakokota hivyohivyo mpaka Masasi usiku, asubuhi ikaingia gereji, gereji yenyewe siitaji, haisaidii kitu kuitaja.

Fundi akafungua boneti. Sasa hapa naomba msikilize vizuri, kwasababu mimi siku ile sikujua kama hapa ndio ningeshtuka. Hakuuliza kitu. Hakuuliza gari imechemka ikipanda mlima au ikiwa tambarare, hakuuliza maji yalikuwa yanapungua kidogokidogo au yamemwagika ghafla, hakushika hata mpira mmoja kuona kama umelegea. Akaangalia kama dakika mbili akasema, "Mama hii ni gasketi ya hedi, na hedi yenyewe itakuwa imepinda." Mimi gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya injini na kichwa chake, nilikuwa naisikia tu kwa watu, ila alivyolitamka hilo neno, kwa sauti ya daktari anayetoa majibu mabaya, miguu iliniisha nguvu. Nikauliza shilingi ngapi. Gasketi 85,000, hedi ipelekwe Mtwara ikachongwe 120,000, oili na filta 75,000, gundi na kulanti 40,000, nauli ya kupeleka hedi na kurudi 30,000, ufundi 150,000. Nusu milioni kamili. Nikatuma kwa simu, gari ikakaa juani siku sita.

Ikatoka. Ikaenda Mtwara mara mbili, mara ya tatu ikachemka tena, karibu na palepale. Nikarudi kwake, akasema ahaa basi ni thamostati, ile vali ya kuzuia maji mpaka injini ipate joto, akaitoa kabisa akaitupa akasema gari za huku kwetu kwenye joto hazihitaji thamostati. Ikachemka. Akasema pampu ya maji, 130,000, na kuifunga 50,000. Ikachemka. Akasema feni haina nguvu, tutafute ya mtumba, 100,000. Ikachemka. Jumla mpaka hapo ni laki saba na themanini, na ndipo akaniita pembeni kwa upole kabisa akaniambia mama kusema ukweli injini imechoka, kuna jamaa yangu Dar anazo, milioni mbili na nusu tunakufungia. Katibu wetu yupo hapa ni shahidi, nilishajaza fomu ya kukopa.

Kilichoniokoa ni mgonjwa. Nilikuwa naenda Ndanda hospitali kumuona ndugu yangu nikasema twende na gari taratibu, ikachemka tena tunaingia pale Ndanda, watu wakatuelekeza kwa mzee mmoja anatengenezea magari chini ya mwembe nyumbani kwake. Yule mzee karibu dakika kumi nzima hakugusa gari, alikuwa anauliza tu. Ikichemka inakuwa na abiria au tupu? Maji yanarudi kwenye chupa au yanamwagika nje? Moshi wa nyuma mweupe? Oili mmeshaiona imegeuka kama chai ya maziwa? Tukajibu hapana, hapana. Akasubiri ipoe, akafungua mfuniko wa rejeta, pale panapopoozwa maji ya injini, akaugeuza chini juu akanionyesha. Ni huu hapa nimeushika, nitauzungusha muuone. Huu mpira wa ndani ulikakamaa ukapasuka, na hii springi imelegea, ukiibonyeza haina upinzani.

Akanielezea, na mimi kama mwalimu nilifurahi maana ni sayansi ya shule ya msingi ile. Maji kwenye sufuria hapa yanachemka kwenye nyuzi 100, ila ukiyafungia kwa presha yanachelewa kuchemka, na kazi ya huu mfuniko ni kushika hiyo presha, karibu kipimo kimoja cha presha ya hewa juu ya ile ya kawaida, kwa hiyo maji ya rejeta yanaweza kufika karibu nyuzi 120 bila kuchemka. Mfuniko ukishindwa kushika, maji yanachemka mapema, yanasukumwa kwenye chupa, yanamwagika, rejeta inabaki na hewa, gari inapanda joto. Ndio maana inakwenda vizuri mjini halafu inakufa njiani ikiwa na watu na imekimbia muda mrefu. Na ile thamostati akasema irudishwe, gari bila thamostati injini inachelewa kupata joto lake, inakula mafuta na inajiua polepole. Mfuniko mpya elfu kumi na tano.

Nikamuuliza mzee nikupe ngapi, akasema utakachonipa. Nikampa elfu tano. Na mimi naapa nilijiona nimemlipa vizuri, maana kafanya nini, kafungua mfuniko tu. Akaipokea kwa mikono miwili akaniambia, bila hasira kabisa, "Mwalimu, ningekuambia injini imekufa ungenipa laki nne za kufunga nyingine. Nimekuambia mfuniko, umenipa elfu tano."

Jamani mimi usiku ule sikulala.

Kwasababu kumbe nilikuwa nimemlipa laki saba na themanini mtu ambaye hakujua, au alijua akanyamaza, na nimemlipa elfu tano mtu aliyejua. Nilirudi kesho yake nikamuongezea, ila hilo haliondoi kitu, elfu tano ndio ilitoka mfukoni kwangu kwanza, kabla sijaaibika. Na sisi wote humu ndani ndivyo tulivyo. Spea tunalipa, hatulalamiki, kwasababu spea tunaiona, ina boksi, ina uzito. Akili ya kujua kipi kimeharibika hatuioni kwahiyo tunaona si kitu. Fundi akikaa masaa matatu chini ya gari anatafuta waya mmoja uliolegea akauona akaukaza, unamwambia si umekaza tu waya, shika elfu tatu. Fundi wa pili akikuambia alteneta, ile ya kuchaji betri, imekufa, akakufungia nyingine nusu saa, unampa ufundi elfu thelathini na huko dukani keshachukua cha juu elfu arobaini. Sasa niambieni, kijana ana mke ana watoto wawili, atajifunza tabia ya nani kati ya hao?

Cha juu. Hili neno wote tunalijua tunalicheka, leo tulitazame. Baadae sana nilienda mwenyewe duka la spea kununua balbu, nikamuuliza kijana wa dukani gasketi ya hedi ya Noah kama yangu ni ngapi, akasema 45,000. Nikamwambia mbona mimi niliuziwa 85,000, akatabasamu akasema mama ulikuja na fundi au ulikuja mwenyewe? Yaani bei ziko mbili. Ukija na fundi, au fundi akija peke yake, inaandikwa risiti ya mkono ya 85, duka linachukua yake 45 na arobaini inarudi kwa fundi. Na wenye maduka nao nimeongea nao, wanasema tukikataa fundi anahamia duka la jirani na wateja wake wote, kwahiyo hata wao wameshikwa.

Sasa angalieni hii hesabu inavyofanya kazi kichwani kwa mtu. Kama fundi anaishi kwa cha juu, kila akifungua boneti yako kuna majibu mawili mbele yake. Jibu la kwanza "haijaharibika kitu, kuna mpira tu umechomoka", hilo linampa elfu tano na lawama. Jibu la pili "tubadilishe", hilo linampa chakula cha wiki. Simtetei mwizi, wizi ni wizi, ila nasema hata mtu mzuri ukimuweka kwenye huo mzani kila siku kwa miaka kumi utamuharibu. Atafika mahali haoni tena kama anadanganya, jicho lake lenyewe litakuwa linaona ubovu kila mahali.

Na hili sio la kwetu wamakonde na wamakua tu, msije mkadhani ni umaskini wetu. Marekani mwaka 1992, jimbo la California, wana idara ya serikali kabisa inasimamia gereji, waliona malalamiko ya wateja yanazidi juu ya gereji za kampuni kubwa ya maduka inaitwa Sears. Wakafanya kitu cha akili sana, wakatuma maafisa wao wakijifanya wateja wa kawaida na magari ambayo wenyewe wanajua hali zake. Mara 34 kati ya 38 wakalipishwa kazi ambayo gari haikuihitaji. Na walipochimba kwanini, wakakuta wafanyakazi wa pale wanalipwa kwa kamisheni na wamewekewa malengo, kwa kipindi fulani uwe umeuza idadi fulani ya breki, idadi fulani ya shokapu. Umeona? Mishahara ilikuwa kwenye spea. Kampuni ilikana kuwa ilikusudia kuibia watu, lakini ikauondoa utaratibu ule wa kamisheni kwa wale wanaoongea na wateja, na kesi ikaisha kwa makubaliano, wateja wakarudishiwa vocha za dola 50. Kampuni tajiri vile, mafundi wenye sare na vyeti ukutani, na bado cha juu kiliwashinda. Sisi tunategemea kijana wa chini ya mwarobaini kisimshinde?

Kabla sijaenda mbele niseme na nyie madereva, wanangu, maana nimeona mnawatazama mafundi kwa jicho kali kama vile nyie hamumo. Mumo. Tajiri yuko Newala au Tandahimba shambani kwake, wewe unampigia boljointi zimekufa, vile viungo vinavyoshikilia magurudumu ya mbele, bushi zimekufa, anatuma laki mbili, mnabadilisha bushi mbili mnagawana na fundi. Wengine hata hizo mbili hambadilishi, mnazipaka oili zionekane mpya. Mnajua kwanini hiyo inanikera kuliko zote? Kwasababu boljointi ikikatika kweli ile siku uliyosema uongo umebeba watu kumi, na wewe ndio umekaa mbele.

Haya. Sasa baada ya yale ya Ndanda niliamua nijifunze. Sio niwe fundi, miaka hii sina, ila nijue kiasi cha kuuliza swali. Nilikaa na yule mzee siku nyingi, nikawa nakwenda kukaa pia na kijana mmoja aliyesomea ufundi magari VETA, ninyi mnaomjua mnajua. Mengi ya kudanganyiwa watu yanarudia yaleyale, nitasema machache ambayo nina uhakika nayo.

Taa ya injini ndio shimo kubwa siku hizi. Inawaka ile taa ya njano, unakwenda, kijana anachomeka mashine chini ya usukani, anasoma anasema sensa imekufa, laki na ishirini. Ile mashine haisemi kitu gani kimekufa! Inasema injini imeona tatizo gani. Mfano inaleta kodi, yaani namba ya tatizo, P0302, maana yake silinda namba mbili inamisi, haichomi mafuta sawasawa, basi, haijasema kwanini. Inaweza kuwa plagi, inaweza kuwa koili inayoipa plagi umeme, inaweza kuwa nozo ya kupulizia petroli imeziba, inaweza kuwa waya umeliwa na panya, na huku kwetu panya na mahindi yetu tuliyohifadhi ndani tunawajua. Fundi mzuri anachukua koili ya silinda ya pili anaihamishia ya nne, na ya nne anaileta ya pili, bila kununua kitu. Anafuta kodi, mnazunguka kidogo, anapima tena. Ikija P0304 basi koili ndio mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0302 koili ni nzima, tafuta kwingine. Dakika ishirini, shilingi sifuri ya spea. Mkiona fundi anafanya hivyo mheshimuni sana, na mumlipe kwa kufanya hivyo, hata kama mwisho wake hamjanunua kitu.

Wenye IST, mko wengi nimeona nje zimejaa. IST za kwenu hizi zenye injini ya 1NZ au 2NZ hazina taimingi belti, ule mkanda unaozungusha vali za injini kwa wakati wake. Zina cheni. Nimemkuta mwalimu mwenzangu ameandikiwa taimingi belti na ufundi wake, amelipa, na gari haijawahi kuwa na hicho kitu tangu itoke kiwandani Japani. Hapo hakuna kutokujua, hapo ni kuibiwa mchana kweupe. Na hizo hizo zina koili juu ya kila plagi, kwahiyo ukiandikiwa keboli za plagi uliza zinafungwa wapi. Ila Noah za zamani kama yangu yenye injini ya 3S, hiyo kweli ina belti na kweli inabadilishwa, msije mkamgombeza fundi wa watu bure. Mjue injini yenu inaitwaje, ndio mwanzo.

Alteneta, alteneta, kila gari ikikataa kuwaka asubuhi ni alteneta. Kuna kile kipimo kidogo cha umeme, kinauzwa bei ya kuku. Gari imezimwa imelala usiku, betri nzima yenye chaji inasoma kama volti 12.6. Washa gari, pima tena palepale kwenye betri, ikisoma kati ya 13.8 na 14.5 hivi, alteneta inachaji, asikuambie mtu imekufa. Mara nyingi ni vichwa vya betri vimeota ule ukungu mweupe, maji ya moto na brashi.

Gesi ya AC, wanasema imeisha, wanajaza kila mwaka. Gesi ile haitumiki kama petroli, inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa. Ikipungua imevuja, na kama hajaziba panapovuja, amekuuzia upepo utakaotoka tena.

Na masega. Hili naomba mnyamaze kidogo kule nyuma. Kwenye bomba la moshi kuna kile kipande kimevimba, ndani yake kuna vitu kama masega ya nyuki, vinasafisha moshi. Ndani ya hayo masega kuna madini, platinamu, paladiamu, rodiamu, kidogo sana lakini ni ya thamani, ndio maana yananunuliwa. Gari inalala gereji, asubuhi bomba limeunganishwa kwa kuchomelewa vizuri, hujui chochote, baada ya wiki taa inawaka na gari inanguruma kama trekta. Wengine hawaibi usiku, wanakuambia kabisa mama masega yameziba yanakula mafuta, tukutolee, na unamlipa wewe ufundi wa kukutolea mali yako, yeye anaondoka nayo kwenye mfuko wa sandarusi. Kuziba yanaweza kuziba, ni kweli inatokea. Basi akitoa mwambie weka kwenye buti yangu. Utaona uso wake.

Kwa boda nimesimuliwa na mama mmoja anauza ming'oko stendi, alikusanya kwenye ming'oko hiyohiyo miaka mingapi akamnunulia mwanae pikipiki. Ikaanza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu, wakaambiwa ringi za pistoni zimekufa, injini ishushwe, laki na nusu. Moshi mweusi maana yake petroli ni nyingi kuliko hewa, kitu cha kwanza cha kuangalia ni filta ya hewa, na mvulana anapiga ruti za vijijini kwenye vumbi siku nzima, filta ilikuwa imekuwa tofali. Ringi zikifa moshi unakuwa wa bluu, kwasababu inayoungua ni oili. Moshi mweupe mzito usioisha hata injini ikishapata joto, kwa gari yenye maji ya rejeta, hapo ndio maji yanaingia ndani, hapo kweli ogopa hedi. Rangi tatu tu hizo, yule mama angezijua asingeuza sufuria zake.

Msimu nao. Mnada wa korosho ukianza mwezi wa kumi, hela zinaingia kwa watu, na bei za ufundi mji mzima zinapanda kama vile na injini nazo zimevunwa. Mkulima amepulizia salfa tangu mwezi wa tano, ameokota, amesubiri malipo, siku analipwa ndio siku fundi anagundua gia boksi. Na kile kimbunga Hidaya, Mei 2024, barabara ya Dar ilivyokatika kule Somanga, spea zikakwama kweli, bei zikapanda kweli, hakuna aliyekuwa na namna. Lakini kuna mtu alinitajia bei ya Hidaya magari yakiwa yanapita siku nyingi, mabasi yanaingia Masasi kila usiku na mizigo ya Kariakoo juu. Shida ya watu wote haitakiwi kuwa mtaji wa mtu mmoja.

Sasa nirudi kwenu mafundi, maana nyie ndio nimewafuata kusema kweli. Nimeongea na baadhi yenu wiki nzima hii, mmoja akaniambia mama mimi nikitoza kupima hakuna atakayekuja, watu wanataka kupimiwa bure. Ana haki. Kupima bure ndio kunakozaa huu uchafu wote, kwasababu hakuna kitu cha bure, atakupimia bure halafu atajilipa kwenye spea na wewe hutajua umelipa ngapi. Kwahiyo ombi langu kwa kikundi, na nimeshamwambia mwenyekiti, ni kwamba sisi wanachama tuanze kulipa kupima. Elfu ishirini, elfu thelathini kwa gari, pungufu kwa bajaji na boda, mkakae mkubaliane wenyewe bei, na hiyo pesa inalipwa hata kama jibu ni kwamba gari nzima. Hasahasa kama jibu ni kwamba gari nzima! Hapo ndipo fundi anakuwa na sababu ya kusema kweli.

Halafu spea tununue wenyewe. Fundi aandike kinachotakiwa kwenye karatasi, jina kamili la kitu na injini gani, uende dukani na karatasi, udai risiti ya mashine ya TRA sio ya mkono, uje nayo. Ufundi utapanda, najua, kwasababu cha juu kimetoka, na ni haki upande. Bora nimlipe fundi laki na nusu mchana kweupe kuliko kumlipa themanini na kuibiwa sabini gizani. Na kile cha zamani kilichotolewa kirudi kwa mwenye gari, kila mara, kiwe kichafu kiwe kimevunjika. Mimi nina ndoo nyumbani imejaa vyuma, wajukuu wanaicheza. Fundi akijua kwamba utaondoka na kile cha zamani na unaweza kwenda kumuonyesha fundi mwingine, ulimi wake unakuwa mzito kidogo kusema kimekufa.

Kuna aliyeniuliza kuhusu polisi. Kumwambia mtu uongo kuhusu jambo lililopo ili akupe mali yake, ni kosa la jinai, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 302, kujipatia mali kwa udanganyifu. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Yule aliyelipishwa taimingi belti ya gari isiyo na belti ana kesi, anaipeleka wapi na kama ana karatasi ya kuionyesha hilo ndilo swali. Risiti ya mkono isiyo na jina haikusaidii. Kwa upande wangu mimi sikwenda polisi, sikuwa na karatasi hata moja, nilikuwa na meseji za simu tu zinasema "mama tuma na ya gundi". Na kusema ukweli hata leo sijui yule fundi wangu alikuwa mwizi au alikuwa anabahatisha. Nimewaza sana hilo. Anayebahatisha kwa pesa yako na anayekuibia, gari inabaki mbovu sawasawa, lakini huyu wa kwanza anaweza kufundishwa, na wengi wao ni watoto tuliowafundisha sisi, walioacha shule wakaenda gereji kushika spana wakiwa na miaka kumi na minne, hakuna aliyewahi kuwaambia presha inafanya nini kwenye maji. Nikimkumbuka vile hakuuliza swali hata moja, naona pengine hakujua swali la kuuliza. Ndio maana nilimuomba yule mzee wa Ndanda aje, na amekuja, yule pale amekaa karibu na mlango na kofia yake, na mafundi vijana mtakaotaka kubaki naye mchana huu kikundi kimelipia, sio bure.

Kijana mwenye IST nyeupe, wewe uliyesema inamisi, ilete hapa chini ya kivuli ufungue boneti. Mzee ana mashine yake. Mafundi sogeeni mbele, wenye magari nanyi sogeeni, ila msiguse, mwacheni kwanza amuulize dereva maswali yake.